Nungunungu na Wakala Aliyenukia

Paukwa!
Pakawa!
Niwape ya kutunga au ya jirani?
Ya jirani, bibi, tena usifiche kitu!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiandika vitabu, alikuwako Nungunungu. Alichomoa mwiba mgongoni, akauchovya kwenye wino wa masizi, akaandika habari za bibi zake, jinsi walivyochimba chini ya mlima mwaka wa kiangazi mpaka wakatokea penye maji. Kurasa mia nzima. Alijivuna? Alijivuna, na haki yake. Wangapi pale kwao walikuwa wameandika hata ukurasa mmoja?

Siku moja akaja Ngawa. Ngawa ananukia zabadi, hilo mnalijua. Akipita, hata mbuzi wanaacha kula. Akasema yeye ni wakala wa waandishi, kazi yake kupeleka vitabu kwa Tembo, mwenye kiwanda cha kuchapa. Akakipima kitabu mkononi, hakufunua hata ukurasa, akasema hajapata kusoma kitu kitamu kama kile. Akaomba miba kumi, ada ya kusoma.

Kwao Nungunungu, mgeni hahojiwi. Akachomoa miba kumi, akampa.

Siku ya pili Ngawa akarudi. Sasa kitabu kinataka kunyooshwa lugha, na mnyooshaji anayefaa ni mmoja tu, binamu yake Ngawa. Miba ishirini. Nungunungu akachomoa, akampa. Mgongo ukaanza kuona baridi, na chui hawakuwa mbali.

Jirani yake alikuwa Kanga, yule ndege wa madoadoa. Kanga, wanangu, ni mmbea. Wenzangu humsema vibaya, mimi simsemi. Akauliza miba ya somo yake Nungunungu imekwenda wapi. Aliposikia, hakungoja hata chai ipoe. Akapita kwa Komba. Kumbe Komba naye alitoa manyoya ya mkia, mwaka wa tatu huu kitabu hakijaonekana. Akapita kwa Pimbi, hadithi ni ileile. Akafika mpaka kwa Tembo. Tembo akasema hamjui huyo Ngawa, na kwamba wakala wa kweli haombi kitu mbele. Kitabu kikiuzwa, ndipo naye hupata fungu lake.

Kanga akarudi mbio, akamwaga yote.

Siku ya tatu Ngawa akaja na karatasi. Akataka alama ya dole gumba na miba yote iliyobaki, kabla jua halijafika utosini, ama sivyo Tembo atafunga mlango. Nungunungu akaisoma karatasi. Imeandikwa kwamba kitabu ni mali ya Ngawa, leo na milele.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nungunungu akamkalisha vizuri.

"Ndugu Ngawa, katika kitabu changu, nani anakufa mtoni?"

Ngawa akalamba masharubu. "Simba. Nililia sana, bibiye."

"Simba hamna. Mto hamna. Wala hafi mtu."

Kanga, juu ya paa, akacheka mpaka akateleza. Ngawa akakasirika. "Bila mimi nani atakujua, wewe mchimba mashimo?"

"Mchimba mashimo, ndiyo. Na bibi yangu mchimba mashimo. Ndicho kitabu chenyewe."

Akamgeuzia mgongo, akaitikisa miba iliyobaki. Ngawa akatoka mbio na mwiba wa thelathini na moja matakoni, na huo hakuuomba.

Nungunungu akakipeleka kitabu mwenyewe. Tembo akakisoma chote, akakichapa, jina la Nungunungu likakaa kubwa juu ya jalada. Wanasema siku hizi anatembea kifua mbele. Basi atembeaje?

Nanyi mnaoandika, sikilizeni. Anayekusifu kabla hajakusoma anautaka mgongo wako. Anayedai chake mbele na kukuharakisha, muulize amepata kuuza vitabu vya akina nani, kisha nenda ukawaulize hao wenyewe. Umbea wa namna hiyo si dhambi.

Ngano yangu nimeitua hapa. Tamu yake bebeni, chungu yake niachieni, nitawarushia kuku wangu.