Kasuku Aendaye Ukweni

Kabla ya harusi, Mwanashaha alikwenda ukweni kumwombea nafasi kasuku aliyeachiwa na marehemu babake.

“Mlete,” mama mkwe, Bi Mwatime, alimcheka. “Ila paka wangu wakimla usinililie. Hawamsikii mtu ila mimi.”

“Basi mama, nifundishe unavyowakemea.”

Kila alipokuja kwa mipango ya harusi, Bi Mwatime aliketi barazani kwa kina Mwanashaha, karibu na tundu la kasuku, akipaza sauti: “Tokeni hapo, walafi nyie!” Mwanashaha aliiga vibaya, ikabidi mama arudie na kurudia.

Siku ya kuhamia, paka walilinyemelea tundu la kasuku.

“Tokeni hapo, walafi nyie!”

Paka wakatimkia uvunguni. Bi Mwatime akaligeukia tundu. Yeye hakuwa amefungua kinywa.

“Kweli mama,” Mwanashaha alisema, “hawamsikii mtu ila wewe.”