Manjano ya Shore

Wekeni majembe chini kwanza. Najua mmekuja kunisaidia, na ua wangu umejaa majani tangu mvua za kwanza zilipogusa ardhi, lakini hapo nyuma ya bafu hapalimwi. Kaeni niwaeleze. Mtazameni na yule ndege aliyetua juu ya fito, yule mwenye kichwa cheusi. Ni shore. Akiinama mtaona manjano chini ya mkia wake, kama mtu aliyekalia bakuli la viungo. Hakuumbwa nayo.

Zamani shore alikuwa wa kijivujivu mwili mzima, na mnavu, mboga ile yenye matunda madogo meusi, haukuota wenyewe. Ulipandwa kwa mkono kama mahindi. Mbegu zake mama alimpa bintiye siku ya kuolewa, zimefungwa kwenye pindo la nguo, na asiyepewa hakuwa nao. Ikafika wakati katika vilima hivi tuta la mnavu likabaki moja tu, la mjane aliyeitwa Mize.

Mize hakuwa mtu mbaya, ila mkono wake ulikuwa mgumu kufunguka. Jirani akimwomba mbegu, alijibu kwamba mwaka huu ni chache. Mwaka uliofuata zilikuwa chache pia. Matunda yalipoiva yakawa meusi, aliweka kigoda kando ya tuta na rundo la mabonge ya udongo, akashinda hapo akiwarushia ndege.

"Mwizi wewe!" alikuwa akimpigia shore kelele. "Nenda ukalime kwako!"

Shore akivizia, anapata tunda moja, anaruka nalo mpaka kwenye fito za ua wa bafu na kulila huko kwa raha zake. Mize alimwona na roho ikamuuma, lakini hakuthubutu kuondoka kwenye tuta kumfuata.

Mwaka mmoja kiangazi kikawa kirefu. Mize aliona majani yanaanza kukauka, akachuma matunda yote, hata mabichi, ili ndege asipate kitu. Mbegu akazitia kwenye kibuyu. Kwa kuogopa wezi akakitundika juu ya meko, mahali anapoweza kukitazama akipika. Kibuyu kikakaa hapo miezi mitano, na moto ukazikaanga zile mbegu taratibu bila yeye kujua.

Mvua za kwanza zilipoanguka, binti yake Mwanjaa alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Mize akatifua tuta, akasia mbegu. Siku saba zikapita, kukaota majani ya ng'ombe tu. Siku kumi na nne, vilevile. Mwanjaa akajifungua salama, mtoto wa kike, lakini maziwa hayakutoka.

Enzi hizo mzazi asiyetoka maziwa dawa yake ilikuwa moja, mchuzi wa mnavu. Majirani walikuja na uji, na kuni, na pole. Mnavu hawakuwa nao; waliwahi kuomba mbegu wakanyimwa. Hakuna aliyemkumbusha Mize jambo hilo, na kule kutokumbushwa kulimchoma zaidi. Siku ya kwanza na ya pili mtoto alilia. Siku ya tatu akaanza kunyamaza, na hapo Mize akaogopa hasa.

Asubuhi ya siku ya nne alikuwa akisaga manjano ya kumpaka mzazi. Mwanjaa alikuwa bafuni akijikanda kwa maji ya moto. Shore akatua juu ya fito, akaanza kelele zake. Mize akasimama. Kama hakuna mnavu, alijisemea, basi leo utakuwa mchuzi wewe. Akanyata akazunguka nyuma ya bafu, upande ambao hakuupita tangu ua ule ujengwe, akarusha mkono na kumdaka shore chini ya mkia.

Mwanjaa akachungulia kwenye mwanya wa makuti. "Mama," akasema, "mbona unakanyaga mboga?"

Mize akatazama chini. Ulikuwa mnavu, umefika magotini, mstari mmoja ulionyooka chini ya fito pale ndege wanapotua, umestawi kiangazi chote kwa maji ya bafu. Akatazama fito, akatazama tena majani. Moyo wa shore ulikuwa ukipiga mbio ndani ya kiganja chake.

"Kumbe ulikuwa unalima," akasema, na akafungua mkono.

Chungu kilibandikwa mara moja. Mwanjaa alikunywa mchuzi asubuhi na jioni, na kesho yake majirani wakamsikia mtoto akilia kwa nguvu. Wakafurahi. Mize akapita nyumba hadi nyumba na ungo wa matunda meusi, akigawa bila kuombwa. Samahani hakusema, na wao hawakumdai.

Na tangu siku hiyo shore ana manjano chini ya mkia, hayakufutika kwa mvua wala kwa jua. Anakaa karibu na nyumba za watu, lakini hatui pale mkono unapofika. Mnavu nao huota unapotaka wenyewe, ukutani, jalalani, kwenye maji ya bafu, na hakuna anayesema ni wake. Sisi tunachuma majani. Matunda ya juu tunamwachia mkulima.

Basi inukeni, majembe yapelekeni kwenye mahindi. Wewe Sikudhani, lete ungo uchume hapa, ncha tu, usivunje shina. Dada yako ndani leo ana siku ya tatu tangu ajifungue, na mtoto nasikia ameanza kunyamaza.