Dipatimenti za Mzee Kiboko

"Enyi mliokaa!"

"Tumekaa!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Basi yategeni, nimimine."

Hapo kale kilitokea kiangazi kikali. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu. Na ndani ya bwawa hilo, nani? Kiboko! Amejilaza katikati, pwaa! "Maji yote yangu," anasema. "Atakayeyagusa nitamkanyaga." Akija Swala, anafukuzwa. Akija Kobe, anafukuzwa. Kila mtu anarudi na kiu yake.

Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, alikuwa na watoto wawili. Siku ya tatu yule mdogo akashindwa hata kulia. Bi Pimbi akamlamba midomo, mikavu kama kigae. Roho ikamuuma. Akashuka bwawani, tipu tipu tipu.

Sasa, huyu Bi Pimbi zamani aliishi kwenye dari ya ofisi moja ya mjini. Mchana kutwa alisikia neno la Kizungu: dipatimenti. Mtu akigonga mlango huu anaambiwa, "Hiyo si dipatimenti yetu." Akigonga mlango ule, "Hiyo si dipatimenti yetu." Neno akalishika, na kazi yake akaiona.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kaa mbali na maji!"

"Sikuja kunywa, mzee. Nashangaa tu. Mkubwa kama wewe, bwawa lote hili, halina dipatimenti?"

Kiboko akapepesa macho. Neno hakulijua, lakini aaibike mbele ya pimbi? "Zipo," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Wewe unavyojua, ni kitu gani?"

"Ni kazi kubwa kukatwa vipande, kila kipande kikapewa mkuu wake. Na juu yao wote yuko mkurugenzi."

"Ndiye mimi!"

"Ndiye wewe. Ila mkurugenzi hakai matopeni, mzee. Hukaa juu, aonekane."

Kiboko akatoka majini, akapanda jabali, puu, puu, puu. Akakaa, akavimba. Bi Pimbi akagawa kazi: Swala, Dipatimenti ya Maji. Kobe, Dipatimenti ya Matope. Yeye mwenyewe, Dipatimenti ya Kivuli. Wanyama wakanywa, gu gu gu! Watoto wa Bi Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Adhuhuri jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka. Akashuka.

"Swala, nataka kuingia majini."

"Kabla ya maji kuna matope, mzee. Hiyo si dipatimenti yangu."

"Kobe, nipishe matopeni, naungua!"

"Kuungua ni mambo ya kivuli. Hiyo si dipatimenti yangu."

"Bi Pimbi, kivuli!"

"Kivuli hiki kinanitosha mimi tu, mzee. Dawa yako ni maji. Mwone Swala."

Kwa Swala. Kwa Kobe. Kwa Bi Pimbi. Akazunguka mara ya pili, akazunguka mara ya tatu. Angetaka angewakanyaga wote. Lakini amkanyage vipi mkuu wa dipatimenti yake mwenyewe, naye alishasema zipo? Akaketi chini, machozi yakamtoka. Bi Pimbi akamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Mama," Kiboko akanong'ona, "hizi dipatimenti huvunjwaje?"

"Kwa neno la mkurugenzi mbele ya watu wote. Sema: maji ni ya kila mwenye kiu."

Kiboko akasema. Akaambiwa hakusikika, akasema tena kwa kelele mpaka majabali yakaitika. Hapo wakampisha, naye akajitosa, pwaa! Tangu siku hiyo akabaki na kina chake, na wenzake wakanywa ukingoni bila kumwomba mtu.

Ngano yangu naitua hapo. Mwenye nguvu na aibebe.

Na funzo lake? Watoto wangu, mkisikia neno la Kizungu msilolijua, msiulize maana yake. Itikieni "zipo", kisha pandeni juu mkakae.