Digidigi na Jino la Bwana Kiboko

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na milango yao na masufuria yao, Bwana Kiboko alikuwa na kazi ya kupeleka vifurushi. Ukitaka chumvi au dawa, unamwagiza yeye, na mbio anapiga mwingine.

Wapiga mbio walikuwa Kanga, Nguchiro na Digidigi, mama wa watoto wawili. Siku moja Kiboko akawaita ukingoni mwa mto.

"Gharama zimenishinda," akasema. "Kanga, kapumzike nyumbani. Nguchiro, nawe kapumzike. Digidigi, wewe una miguu, utachukua njia zao."

"Zote, mzee?"

"Zote. Na uache huo mtindo wa kupiga hodi na kuulizana habari za wajukuu. Weka kifurushi mlangoni, ondoka. Kikipotea, kazi huna."

Digidigi akajiuliza. Nani asiyepiga hodi? Hata mwenye ugomvi hupiga hodi.

Akaanza kukimbia. Tiki tiki tiki, kwa Swala. Tiki tiki tiki, kwa Pundamilia. Alitoka umande haujakauka, akarudi watoto wamelala na chungu kimeungua. Kila alipoacha kifurushi kizingitini aligeuka kutazama kama Kima mdokozi hajashuka mtini. 

Asubuhi moja mwanawe mdogo akamwuliza dada yake, "Yule mgeni ameshaondoka?"

Digidigi alikuwa nyuma ya mlango, akijitwika mzigo. Hakulia. Alisimama akafikiri.

Kiboko, mnajua, hulala majini mchana kutwa. Na siku hizo jino lilikuwa likimuuma, shavu limevimba kama boga. Akaagiza dawa kwa mganga Nungunungu, ng'ambo ya kilima.

Digidigi akaenda kuichukua. Wakati wa kurudi akapitia kwake, akaitoa ile mizizi ya dawa, akaificha chini ya mtungi. Kifurushi akakifunga upya kikiwa kitupu. Akakiweka mlangoni pa Kiboko, kimya, wala hakukohoa. Kisha akajibanza kwenye matete.

Maji yakafanya bwaa, Kiboko akatoka. Akafungua kifurushi. Hamna kitu.

"Digidigi!"

"Abee, mzee." Akajitokeza kama anayepita tu.

"Dawa yangu iko wapi?"

"Kifurushi nilikiweka mlangoni, mzee. Hodi sikupiga, kama ulivyoamuru. Labda Kima."

"Kazi huna. Niondokee."

Wanyama waliokuwa wakichota maji wakageuka kutazama. Digidigi akawawaza wanawe. Asipoitwa tena, watoto watakula nini?

"Sawa, mzee. Pole na jino." Akaondoka polepole, masikio yote nyuma.

"Ngoja. Sasa nani ataniletea dawa nyingine?"

"Kanga ulimpumzisha. Nguchiro ulimpumzisha. Na mimi ndiyo hivi umenifukuza."

Tembo akacheka, maji yakamtoka mkongani. "Nenda mwenyewe, bwana. Miguu si unayo?"

Kiboko akatazama kilima, akatazama miguu yake. Jino likamchoma mpaka kisogoni.

"Rudi kazini," akanguruma.

"Kwa njia zote zile, mzee, kwa mganga nitafika keshokutwa."

"Basi na wenzako warudi. Kila mmoja na njia yake."

"Na hodi?"

"Pigeni hodi mpaka milango ing'oke. Mimi nataka dawa."

"Mzee Tembo, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Sote hapa tumesikia."

Digidigi akatimka kuelekea kilimani, akazunguka kichaka, akaingia kwake. Akasonga ugali, akala na wanawe jua lingali juu. Kisha akajigaragaza vumbini kama aliyetoka mbali, akachukua mizizi, akaenda nayo mbio mtoni.

Kiboko akamnusa. Akamnusa tena.

"Umewahi," akasema Kiboko.

"Njia ikiwa moja, mzee, mtu huwahi."

Kiboko akatafuna mizizi, akafumba macho, akazama zake.

Hadithi imefika. Ukikata mikono yako yote ukabakiza mmoja, huo mmoja ndio utakaokushika koo.