Buibui Asiyetua Mzigo

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Nawe Mwanakheri, shusha hiyo kandambili. Mwache huyo buibui atembee mpaka hadithi iishe. Ikiisha, mpige kama bado utataka.

Hapo kale, panya alipokuwa hajajua njia ya ghalani, palikuwa na Bi Mwinda, buibui wa ardhini. Hakutega utando. Akitaka chakula alikifuata kwa miguu yake minane: anaona, ananyemelea, anaruka, kesha kamata! Uzi wake aliufanyia kazi ya maana. Alifuma mfuko, akatia mayai yake, akaufunga nyuma yake, akawa anawinda nao.

Panzi akacheka. "Dada, tua mzigo, utawinda vizuri."

"Situi! Nimeufunga mwenyewe, naubeba mwenyewe."

Bi Utando, jirani yake mwenye nyumba ya nyuzi juu ya bua la mtama, naye akacheka. "Mwenzangu, huna nyumba, huna mlango. Tua mzigo, uugandishe hapa kwangu, ukae na mfuko wangu wa mayai."

"Situi! Nimeufunga mwenyewe, naubeba mwenyewe."

Siku ya tatu, jua la utosi, wenye shamba wakachoma mabua. Moto ukaja mbio, ta-ta-ta, ukanguruma: "Bi Mwinda, tua mzigo! Ukiubeba nakupata!"

Aliogopa, nisiwadanganye. Lakini alisema, "Situi! Nimeufunga mwenyewe, naubeba mwenyewe!"

Akakimbia. Mfuko ukagonga mawe, ukaburuzwa majivuni, uzi usikatike. Moto ukamla mguu mmoja. Kwa saba iliyobaki akafika kwenye shimo, akazama, moto ukapita juu.

Bi Utando akaja nyuma yake, mikono mitupu, analia. "Wangu umeungua! Niliugandisha nyumbani."

Bi Mwinda hakumcheka. "Ingia, mwenzangu. Tutabanana."

Siku zilipotimia akaupasua mfuko. Watoto wakatoka mia na ushei, wakapanda mgongoni kwa mama yao. Akatoka nao, akakatiza shamba lile jeusi taratibu, kama bibi harusi. Panzi akampisha njia.

Fundisho ni hili: usimcheke asiye na nyumba kabla hujaona alichobeba.

Hadithi yangu imeingia shimoni, anayeitaka akaichimbue. Haya, Mwanakheri, inama umtazame huyo wako. Unaona watoto wanavyotambaa mgongoni? Sasa mhesabu miguu.

Saba, eeh?

Basi vaa kandambili yako, umpishe njia.