Nafasi Moja Garini

Sogeeni, na anayetaka kucheka akachekee kwao.

Palikuwa na kambi ya wakimbizi, na kambini kijana wa Bukavu aitwaye Byamungu. Kwao walimfukuza kwa kumpenda mwanamume mwenzake. Akakimbilia kambini, na huko nako wakamchomea kibanda. Akanyamaza, akaacha kula, hakutaka tena kuishi. Nani angetaka?

Watatu walikataa afe. Nakayiza alijaliwa macho, Mama Nabintu mkono, Sadiki ulimi.

Nakayiza, Mganda aliyefukuzwa kwao kwa kupenda wanawake, alimtazama tu akajua huyu anaaga. Akahamishia mkeka wake mlangoni pa hema alilopewa Byamungu. "Ukitaka kutoka, nikanyage kwanza." Majirani wakamrushia mawe. Hakuhama.

Mama Nabintu, jirani, alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Wanakwaya wenzake wakamwambia achague, kwaya au huyo kijana.

"Mungu gani huyo anayemnyima mtu uji?" aliwauliza. Wakamtoa kwenye kwaya aliyoianzisha mwenyewe.

Na Sadiki? Mshauri wa wagonjwa kwenye zahanati ya kambi alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Byamungu akisema, "Nimechoka kuishi," mkalimani, kwa kumwonea aibu, anafasiri, "Anaumwa tumbo." Wiki nenda wiki rudi, dawa ya tumbo! Sadiki, aliyejificha miaka yote, akayasikia akiwa kwenye foleni. Akaingia.

"Mwongo we! Amesema amechoka kuishi! Na mimi ni kama yeye, nitamsemea mimi."

Foleni nzima ilisikia. Tangu hapo Byamungu akatibiwa kweli, na Sadiki hathubutu kwenda bombani peke yake.

Byamungu alipopata nguvu, wakubwa wa kambi wakaja na gari. "Tunakuhamishia nyumba salama, mjini. Chukua mtu mmoja."

"Mmoja? Walioniponya ni watatu!"

"Nafasi ni moja."

"Basi siendi!"

Nakayiza akamkamata shati. "Usipokwenda, mawe yale nimepigwa bure. Mchukue Sadiki." Sadiki akamsukuma mbele Mama Nabintu. Mama Nabintu akamvuta Nakayiza.

Dereva amewasha gari. Byamungu ameshika mlango, kwa hasira hapandi wala haufungi, nami simlaumu.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu watu, hukumuni na hili. Msiniambie "wote", nafasi mmeisikia. Wewe ungempandisha nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni uwaambie nini?