Mlango Mmoja wa Radhi

Sogeeni. Wenye magoti mazima mchutame, wenye magoti mabovu mpewe viti, maana kisa hiki ni chenu.

Kijijini Kwamsala, upande wa Tanga, waliishi wazee watatu. Bi Mwantumu alikuwa na nyonga mbovu, lakini ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni. Mzee Shemahonge alikuwa na mgongo usionyooka, lakini vidole vyake vilifufua redio zilizokwisha kuzikwa. Bi Mwanamvua, ambaye ndiye hasa mwenye kisa, magoti yake yalivimba kila asubuhi, lakini Mungu alimpa ukaidi: akishaanza jambo haachi.

Wote watatu walimchukia mtu mmoja. Mzee Sengasu alikuwa mwenyekiti wa chama cha wazee waendesha baiskeli, na maumivu ya viungo aliyajua kwa kuyasikia tu. Harusini alimwigiza Bi Mwantumu anavyochechemea, tena mbele ya wakwe zake bibi huyo. Siku ya Idi alimtoa Mzee Shemahonge kwenye msafara wa baiskeli, eti mgongo wake unaharibu picha. Na siku Bi Mwanamvua aliposhindwa kupanda kilima cha Mkanyageni, alimwambia watu wote wakisikia, "Bibie, uza baiskeli ununue mkongojo."

Mwanamvua alirudi nyumbani akiikokota baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, na kwa miaka miwili hakuigusa. Kusamehe hakusamehe. Kila goti lilipomuuma alimkumbuka Sengasu, na goti lilimuuma kila siku.

Ulimi ndio ulioanza kazi. Bi Mwantumu alimfuata Sengasu kwenye baraza ya kahawa, watu wamejaa.

"Mwenyekiti, nasikia unaogopa kushindana na Mwanamvua."

"Mimi? Nimwogope yule? Aje na baiskeli yoyote aitakayo, mradi ina pedeli!"

"Yoyote?"

"Yoyote! Akinitangulia kufika kilele cha Mkanyageni, nitabeba radhi."

Hapo akawa amejifunga. Kwamsala, anayejitapa hadharani kisha akashindwa huibeba baiskeli ya mshindi kichwani hadi kwenye mlango mmoja wa mtu aliyemkosea, akaiosha, akamwomba radhi mwenye mlango kijiji kizima kikisikia. Radhi ni moja na mlango ni mmoja. Hakuna cha mlango wa pili.

Vidole vikafuata. Mzee Shemahonge aliichukua ile baiskeli ya ukutani, akaifunga mota kwenye gurudumu na betri chini ya kiti.

"Haiendi yenyewe, dada," alimwambia Mwanamvua. "Inamsaidia anayekanyaga. Wewe utie nguvu ya kuku, yenyewe itatia ya punda."

Mwanamvua akapanda, akazunguka uwanja mzima. Magoti hayakulia, aliyelia ni yeye.

Zamu ya magoti ilifika siku ya shindano. Lakini asubuhi ile wazee wetu walifanya kosa. Badala ya kutunza chaji, walikwenda kumringishia Sengasu mlangoni kwake. Mwantumu alipakiwa nyuma akipiga vigelegele, wakapita mara tatu. Shemahonge naye akataka zamu yake, akapita mara tatu, kengele haikatiki. Mwanamvua akafunga kazi kwa mara ya saba, polepole kabisa, ili Sengasu amwone vizuri. Kisasi kitamu jamani, nani angejizuia?

Kilimani Mwanamvua alimwacha Sengasu mbali. Zilipobaki kona mbili kufika kileleni, taa ya betri ikazimika. Baiskeli ikawa nzito, maana mota na betri sasa vilikuwa mzigo tu. Sengasu akasikia mvumo umekatika, akacheka.

"Mkongojo, bibie!"

Basi Mwanamvua alikanyaga. Magoti yaliwaka moto, machozi yakamtiririka, naye akakanyaga tu, akafika kileleni kwa kumzidi urefu wa tairi moja.

Sengasu, kwa kujilazimisha kumpita, aliteguka goti. Alikaa chini amelikumbatia. "Jamani, goti!" Mwantumu na Shemahonge walikuwa wakisubiri pale kileleni; watatu wale walimtazama na hakuna aliyemwonea huruma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Ahadi yangu naijua," alisema. "Nitaibeba hivi hivi. Ila nawaomba, uwe mlango wa karibu."

Mwantumu akadakia, "Ni wangu! Nani alimfanya aseme baiskeli yoyote? Bila ulimi wangu kusingekuwa na shindano."

"Ni wangu," Shemahonge akasema. "Bila vidole vyangu, Mwanamvua asingefika hata nusu ya kilima."

"Na betri ilipokufa," Mwanamvua akauliza, "huo ulimi na hivyo vidole vilikuwa wapi? Mlango ni wangu."

Mlango wake ndio wa mbali kuliko yote, ng'ambo ya kilima kingine. Alilijua hilo. Aliutaka mlango wake kwa sababu hiyo pia, na hakuona haya.

Mpaka sasa baiskeli imelala pale kileleni, Sengasu ameshika goti, na marafiki watatu hawasemezani. Ninyi mliochutama, nanyi mliokaa vitini, amueni. Msiniambie wamsamehe, hilo hawakuliuliza. Je, wewe ungempeleka mlango wa nani?